Mkono wa mrusha mkuki: kuupanga upya kuanzia kushika hadi kuachia

Simama pembeni mwa uwanja wa sekondari yoyote hapa Tabora wakati wa mazoezi ya riadha, utaona vijana wenye misuli ya kutosha kabisa ambao mikuki yao inatua kwa mkia. Mwalimu anapaza sauti, "Weka nguvu!" Nguvu ipo. Tatizo ni kwamba mkono unatangulia mahali ulipotakiwa kusubiri. Hatua zilizo hapa chini zinapanga mkono huo upya. Zimeandikwa kwa anayerusha kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande.

Hatua ya 1: Mkuki unaolingana na mkono

Mkuki wa wanaume watu wazima una gramu 800 na urefu wa mita 2.60 hadi 2.70. Wa wanawake una gramu 600, mita 2.20 hadi 2.30. Kwa vijana walio chini ya miaka 18, wavulana hutumia gramu 700 na wasichana 500. Mtoto wa kidato cha kwanza akipewa wa gramu 800 kwa sababu tu ndio uliopo stoo, kiwiko chake kitashuka, utake usitake: bega bado haliwezi kuubeba uzito huo ukiwa nyuma ya mwili.

Shule nyingi zina mkuki mmoja au miwili. Tengenezeni ya mazoezi kwa mwanzi mkavu, mnyoofu, wenye unene wa sentimita mbili na nusu hivi na urefu wa mita 2.20. Ulaze juu ya kidole utafute mahali unapokaa sawa. Kwa mkuki halali wa wanawake mahali hapo huwa kati ya sentimita 80 na 92 kutoka kwenye ncha. Mwanzi wenu utakaa sawa karibu na katikati, kwa hiyo zungusheni waya wa kufungia nondo nyuma kidogo ya ncha, mkiongeza mzunguko mmoja mmoja, mpaka mizani isogee mbele hadi kwenye sentimita 90. Msipofanya hivyo mwanzi utaelea na kuanguka kwa tumbo, na mrushaji ataanza kurekebisha mkono ambao hauna kosa. Kisha kateni tyubu ya baiskeli iwe ukanda wa upana wa kidole, mzungushe kwa urefu wa sentimita 15 juu ya mahali hapo pa mizani, kila mzunguko ukigusana na mwenzake; huo ndio mshikio. Ncha muiache butu.

Hatua ya 2: Kushika

Geuza kiganja juu, laza mkuki kimshazari, utokee chini ya kidole cha shahada na kupita hadi karibu na kisigino cha kiganja. Ukiulaza kukatisha vidole, utashikwa kama mpini wa jembe na kifundo cha mkono hakitakuwa na pa kwenda. Kidole cha kati na gumba vikae nyuma ya ukingo wa mwisho wa mshikio, kwa sababu ukingo huo ndio unaosukumwa. Kidole cha shahada kinyooke kidogo kando ya mti wa mkuki. Wapo wanaosukuma kwa shahada na gumba, na wapo wanaopitisha mkuki katikati ya shahada na kidole cha kati. Hiyo ya mwisho hupendwa na wenye kiwiko kinachouma. Kwa anayeanza, kidole cha kati ndicho chaguo bora, kwani ni kirefu na kina nguvu zaidi.

Kubana kupita kiasi ni kosa la kila siku. Mwenzako akivuta mkia kidogo, mkuki uteleze kwa taabu. Ukigoma kabisa, umebana.

Hatua ya 3: Kurudisha mkono nyuma

Makosa mengi ya mkono yanazaliwa hapa, ingawa yanaonekana baadaye. Mkuki unabebwa juu ya bega, kisha unarudishwa ndani ya hatua mbili za mwisho kabla ya kuvusha miguu. Usiuvute kwa nguvu. Acha kifua kigeuke kulia, bega la kushoto lielekee kwenye eneo la kutua, na mkono ujikute nyuma umenyooka.

Ukishafika nyuma, kagua mambo matatu. Kiganja kinatazama juu. Mkono uko usawa wa bega au juu yake kidogo. Ncha iko karibu na nyusi ya jicho la kulia. Mkono ukishuka chini ya bega, ncha inapanda, na mkuki utapaa, usimame hewani, udondoke kwa mkia umbali ambao hata jiwe lingeupita. Ncha ikihama mbali na uso, mkuki hautapita kwenye mstari wa kukimbia.

Zoezi: tembea mita 20 mkuki ukiwa tayari nyuma, ukivusha mguu wa kulia mbele ya wa kushoto, bila kurusha. Rudia mara sita hadi nane. Linachosha kuliko linavyoonekana, na wanafunzi hulichukia.

Hatua ya 4: Mkono usubiri

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo wiki kadhaa. Mpangilio wa kurusha ni huu: mguu wa kulia unatua, goti la kulia linageuka kuelekea mbele, nyonga inafuata, kisigino cha mguu wa kushoto kinagusa ardhi na mguu huo unakaza, kifua kinatoka mbele, kiwiko kinapita, kiganja kinamalizia. Wakati kisigino cha kushoto kinagusa ardhi, mkono bado umenyooka nyuma. Mkono ukikunjika kabla ya hapo, miguu na nyonga vimeshaachwa nje ya kazi, na mkuki unarushwa kwa bega peke yake.

Kurekebisha kosa hilo, funga tyubu ya baiskeli kwenye mti au nguzo ya goli kwa urefu wa bega. Ipe mgongo, ishike kwa mkono wa kulia ulionyooka nyuma, kiganja juu, mguu wa kushoto ukiwa mbele. Sasa geuza goti la kulia na nyonga, sukuma kifua mbele hadi mwili upinde kama upinde, lakini usikunje mkono. Kaa hapo sekunde mbili, rudi. Seti tatu za mara nane. Mrushaji akianza kusikia mvutano kifuani na mbele ya bega wakati mkono hauna kazi, ameelewa.

Simu inasaidia sana. Mwenzako akurekodi kutoka upande wako wa kulia, mita 10 hivi, mwendo wa polepole. Simamisha picha kisigino cha kushoto kinapogusa ardhi, uangalie kiwiko. Huhitaji kuangalia kingine chochote.

Hatua ya 5: Kiwiko juu

Kiwiko hupita karibu na sikio, juu ya bega, kikitangulia kiganja. Kanuni nayo inataka mkuki urushwe juu ya bega au sehemu ya juu ya mkono; kuuzungusha kama kombeo hakuruhusiwi.

Tabora ina miembe kila kona, na namna mtoto alivyozoea kuangusha embe inaonekana kwenye mkono wake. Aliyezoea kutupa jiwe huja na kiwiko cha juu tayari. Aliyezoea kutupa gongo huja na mkono unaozunguka pembeni, kwa sababu gongo linatakiwa lizunguke ili likamate matawi mengi. Huyo wa gongo anahitaji muda mrefu zaidi wa kurusha mpira kabla hajagusa mkuki. Kwa hiyo waulize mapema.

Anza na mpira wa gramu 400 hadi 600 (soksi nene iliyojazwa mchanga inatosha). Kwanza uurushe kwa mikono miwili juu ya kichwa, kama mpira wa kurusha wa soka, mara 10. Kisha kwa mkono mmoja ukiwa umesimama, miguu imepanuka, mara 10. Kisha kwa hatua tatu: kushoto, kulia, kushoto.

Baada ya hapo, mkuki. Ukiwa umesimama, urushe uchomeke ardhini mita sita hadi nane mbele yako. Kiangazi ardhi ya uwanja inakuwa ngumu na ncha huteleza, hivyo tifua kipande kwa jembe kwanza. Sasa soma mkia wa mkuki uliochomeka. Ukielekea moja kwa moja kwako, mkono ulipita sawa. Mkia ukiinamia kushoto kwako, mkono ulikwenda nyuma ya mgongo wakati wa kurudisha. Ukiinamia kulia, mkono ulitoka mbali na kichwa, yaani kiwiko kilishuka na ukazungusha. Rusha kwa namna hii mara 15 kabla ya kuanza kutafuta umbali.

Hatua ya 6: Kuachia na kusimama

Mkuki unaachiwa juu na mbele kidogo ya kichwa, kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 36. Lenga kuipita ncha: mkono usafiri pale pale ncha inapoelekea. Upepo ukitoka mbele, punguza pembe. Wa nyuma unaruhusu kupandisha kidogo. Kanuni ya mwaka 1986 ilisogeza uzito wa mkuki wa wanaume mbele kwa sentimita 4, baada ya Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki kurusha mita 104.80 mwaka 1984, na mkuki wa leo huinamisha ncha wenyewe. Hausamehe anayerusha juu mno.

Baada ya kuachia, mkono uteremke kuelekea paja la kushoto, na mguu wa kulia uje mbele kukusimamisha. Acha mita moja na nusu hadi mbili kabla ya mstari wa kurushia. Julius Yego wa Kenya, aliyerusha mita 92.72 Beijing mwaka 2015, mara nyingi huishia chini kwa mikono baada ya kurusha. Usimwige huko mpaka mguu wako wa kushoto uwe imara kama wake.

Usalama na kiasi

Wote warushe kwa amri moja na kwenda kuchukua kwa amri moja, wakitembea. Mkuki uliochomeka una mkia usawa wa jicho: uukaribie kwa pembeni, ushike mkia kwanza. Ubebwe ukiwa wima, ncha chini.

Siku za kurusha ziwe mbili au tatu kwa wiki, zisifuatane, na mirusho isizidi 30 hivi kwa siku kwa mwanafunzi, ile ya kuchoma ardhini ikiwemo. Maumivu upande wa ndani wa kiwiko si uchovu. Ni dalili ya kiwiko kilichoshuka au mkono uliotangulia, na kukaza bandeji ukaendelea kunaharibu kano. Acha kurusha mpaka maumivu yaishe kabisa, endelea na tyubu bila kukunja mkono ikiwa haiumi, kisha urudi kwa mpira, si kwa mkuki. Yakirudi tena, nenda hospitali kabla ya kushika mkuki.