Manju wa fani mbili: fika ngazi ya 5 kwanza

Kwa wanaocheza mchezo wa kuigiza wahusika wa Dungeons & Dragons kwa kanuni za 2014: ukitaka kumchanganya manju (bard, mhusika anayeroga kwa muziki) na fani nyingine (class, yaani aina ya mhusika), usimhamishe kabla ya ngazi ya 5 ya umanju. Hapo ndipo dadu yake ya kuwatia wenzake hamasa inapanda kutoka pande 6 hadi 8, na hamasa yote inarudi hata kwa pumziko fupi (short rest, la saa moja ndani ya mchezo). Ukiondoka ngazi ya 4 unaacha zawadi mlangoni.

Baada ya hapo, ngazi 2 za mchawi wa mkataba (warlock, anayepata nguvu kwa mapatano na kiumbe mkuu) zinatosha. Fani zote mbili zinadai alama 13 za haiba (Charisma), ambazo manju anazo tayari. Chagua uchawi wa mwali wa nguvu (eldritch blast) na uongezee haiba kwenye madhara yake. Miali huongezeka kwa jumla ya ngazi za mhusika, si za fani moja, kwa hiyo haidumai. Nafasi za uchawi za mkataba (spell slots, yaani mara unazoweza kuroga) nazo hurudi kwa pumziko fupi, na unaweza kuzitumia kwa uchawi wa kimanju.

Gharama ipo: uchawi wa daraja la 4 utaupata mhusika akiwa ngazi ya 9 badala ya 7. Kama kundi lenu halipumziki mara kwa mara, mimi ningebaki manju mtupu.