Kabla Msumeno Haujapanda Mtini: Kupogoa Miti ya Viwanja vya Lamu

Kivuli cha uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, ndicho ukumbi wa mji. Wazee wanacheza bao na dhumna pale, muuza kahawa anapita na dele lake, waliotoka sokoni wanatua mizigo wapumue. Mti wa mahali kama hapo hautunzwi kama wa shambani. Tawi likidondoka, chini kuna watu. Na kivuli kikiondoka, baraza nayo imeondoka. Kazi ya msumeno ni ya asubuhi moja au mbili tu. Yanayoamua kama mti utapona au utaanza kufa polepole ni yale yaliyofanywa kabla.

Majira kwanza. Wakati mzuri ni kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, inapoelekea kwisha, Februari hadi mwanzo wa Machi. Kusi, upepo wa kusini, huja na masika, na kuanzia Juni hadi Agosti upepo wake ni mkali kiasi cha kuzuia vyombo vidogo kutoka. Tawi kavu lililovumilia kaskazi yote huanguka wakati huo. Ukipogoa wiki chache kabla ya mvua, kidonda kinapata jua la kukauka, kisha mti unapata maji ya kujifunga. Ukingoja mpaka masika yashike, ngazi inateleza, gome limejaa maji na huchanika ovyo, na kuvu hupata mlango. Utazame pia mwezi wa Kiislamu. Maulidi ya Mfungo Sita huja mapema kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kizungu, na wageni wanapofurika mjini hakuna nafasi ya kuangusha hata kijiti. Matawi makavu yawe yameshatoka kitambo.

Ruhusa isichukuliwe kuwa jambo la mdomo. Mji wa Kale wa Lamu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na ngome iko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya; viwanja na njia ni za kaunti. Andika barua, ambatisha picha ya kila mti, na tawi unalotaka kulitoa litiwe alama kwenye picha. Barua inayosema tu "tunaomba kupogoa miti" humpa fundi uhuru wa kukata chochote. Baada ya ofisi, nenda kwa wazee wa mtaa na imamu wa msikiti wa karibu. Hao ndio watakaoulizwa na watu siku ya kazi.

Sasa uutazame mti wenyewe, na uutazame mara mbili. Mkungu, mti wa kivuli wenye majani mapana, hupukutisha majani wakati wa kiangazi, yakishageuka mekundu, na ukiwa mtupu tawi zima na tawi lililokufa hufanana. Kwa hiyo pita ungali na majani, ufunge kitambaa kwenye kila tawi lisilochipua. Ukiwa na shaka, kwaruza gome kidogo kwa ukucha: kukiwa na kijani chini yake, tawi li hai, liache. Gonga shina kwa nyundo ya mbao kuanzia chini kwenda juu. Mlio ukibadilika ukawa wa kitu kitupu, pana uwazi ndani, na mti huo unamhitaji mtu wa misitu kabla ya mpanda ngazi. Tafuta njia za udongo za mchwa. Tafuta misumari iliyobaki ya mabango na nyaya za taa za sherehe. Msumeno ukigonga msumari, mnyororo huweza kukatika na kumrukia aliyeushika. Kamba za punda nazo zikaguliwe. Ikifungwa mahali pamoja miaka mingi, hula gome mpaka chakula cha mti hakipiti.

Angalia chini pia, maana wengi hutazama juu tu. Mizizi mingi ya mti haiendi kina kirefu. Imetandaa karibu na uso wa ardhi na kuvuka mwisho wa matawi. Kama mtaro wa bomba ulichimbwa hapo karibuni, mti huo umeshakatwa upande mmoja bila mtu kuona, na unahitaji majani yake yote ili uote mizizi mipya. Hapo toa makavu peke yake. Ukikuta ardhi imepasuka na kuinuka upande unaotoka upepo, wahamishe watu kwanza, mengine yatafuata.

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo miti mingi ya pwani inapoharibiwa: kukata kichwa, yaani kuondoa sehemu yote ya juu ya mti. Watu hupenda kuona rundo kubwa chini ndipo waseme kazi imefanyika, na fundi anayelipwa kwa rundo atalileta. Mti uliokatwa kichwa huchipuka kwa fujo, na mtazamaji husema umepata nguvu. Sogea ukiangalie kigutu baada ya misimu michache. Machipukizi yameota pembeni, yameshikilia tabaka jembamba la nje tu, na katikati mbao imekuwa kahawia, laini, inaingia kidole, sisimizi wanatoka. Machipukizi hayo yakishanenepa kama mkono wa mtu, kusi moja huyang'oa. Gome lililozoea kivuli nalo huungua jua. Mapatano na fundi yawe ya maandishi: hakuna kukata kichwa, na kwa mti mmoja isiondoke zaidi ya robo ya majani kwa mwaka, kwa mti mzee, pungufu zaidi ya hapo. Tawi hai lililozidi upana wa sentimita 10 liwe na sababu ya kutajwa.

Mweleze pia jinsi ya kukata kabla hajapanda, na akuonyeshe kwenye tawi la chini. Mkato wa kwanza unatoka chini kwenda juu, kiasi cha sentimita 30 kutoka shinani, usipite theluthi ya tawi. Wa pili unatoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, na tawi linaanguka bila kuchuna gome la shina. Wa tatu ndio wa kumaliza. Pale tawi linapoota pana uvimbe wenye mikunjo. Kata nje yake tu, usiuguse na usiache kigutu. Uvimbe huo ndio unaofunga kidonda. Rangi, lami na saruji hazisaidii kitu. Hufungia unyevu ndani. Misumeno ifutwe kwa spiriti kila unapohama mti.

Waya za umeme si za kubahatisha. Tawi likiwa karibu na waya, kampuni ya umeme iitwe, izime laini, na asipande mtu mpaka izimwe kweli. Ngazi ya chuma ibaki nyumbani.

Siku ya kazi anzeni alfajiri, kabla soko halijachangamka. Zungusheni kamba mbali kuliko urefu wa tawi refu kabisa, na kila kichochoro kinachoingia uwanjani kiwe na mtu mzima wa kusimamisha watu, kwa sababu watoto wa chuo cha Kurani na punda wenye mizigo hawasomi vibao. Kagueni viota, penye makinda, tawi hilo lingoje. Lori haliingii kwenye vichochoro vyetu, basi mikokoteni na punda wa kubeba matawi wakodiwe mapema. Majani yaliyosagika yanafaa kutandazwa juu ya mizizi, mradi yasigusane na shina.

Baraza ya saruji iliyolikumbatia shina mpaka gomeni ni shida inayojirudia. Maji hayapiti, na shina huoza pale lisipoonekana. Mkiwa na mafundi hapo hapo, ivunjwe ukingo wa ndani ubaki udongo wazi, angalau mita moja kila upande, na baraza ijengwe nje ya hapo. Watu watakaa vilevile. Masika yakipita, mtu mmoja arudi kuyanyofoa machipukizi yaliyoota karibu na vidonda yangali laini, kwa vidole tu.

Na kabla mti mzee haujaanza kukonda, pandeni mche pembeni yake. Mwagilieni maji matamu, si ya kisima chenye chumvi, hasa kaskazi mbili za mwanzo. Uzungushieni wigo wa boriti kuzuia punda na mbuzi, na mtu apewe kazi ya kuupanua kabla haujaanza kusugua gome.