Pikipiki ya kwanza: ikalie kwanza, cc utauliza baadae

Wengi wakianza kutafuta pikipiki swali la kwanza ni cc ngapi, yani ukubwa wa injini, halafu rangi, halafu bei, hayo mengine wanakuja kushtukia wameshalipa. Mi nasema geuza huo mpangilio. Pikipiki inamtesa mgeni ikiwa inaenda polepole au imesimama kabisa, yani kwenye foleni, kwenye kona ya kuingia getini, ukiirudisha nyuma kwenye maegesho, ukisimama katikati ya kimlima. Barabara iliyonyooka spidi 60 karibu kila mtu anaiweza.

Kwa hiyo nenda ukaikalie, tena ukiwa na viatu utakavyoendeshea maana soli inabadilisha hesabu. Itoe kwenye stendi, isimamishe wima, sikilizia nyayo. Zikikanyaga zote mbili safi sana, zikigusa nusu ya mbele bado sio mbaya, ila kama unaning'inia kwa ncha za vidole iache hata kama umeipenda, utairudia ukishakuwa mzoefu. Watu wanaangalia urefu wa siti kwenye karatasi, Honda Rebel 300 siti yake iko milimita 690, Kawasaki Ninja 400 iko 785, na zile za adventure, za kupita lami na vumbi, nyingi zinapita 830, lakini namba peke yake haitoshi kwa sababu siti pana inakutanua mapaja na miguu inakuwa kama imepungua urefu. Ndo maana nasema ikalie.

Halafu uzito. Hapa wauzaji wengine wanacheza, wanakutajia uzito wa pikipiki kavu bila mafuta wala oili, wewe ulizia ikiwa imejaa kila kitu. Lita moja ya petroli ni kama robo tatu ya kilo, kwa hiyo tangi la lita 15 ni kilo 11 hivi na zote zimekaa juu, unazisikia pikipiki ikianza kuinama. Zima injini, isukume mwenyewe mbele na nyuma, kata hendo mpaka mwisho kulia na kushoto. Bana klachi na breki uone kama vidole vinafika bila kunyoosha mkono. Ukitoka jasho hapo dukani, barabarani itakuwaje?

Sasa cc. Kwa mtu wa mjini tu 125 inatosha kabisa, kama utapita barabara kuu zenye magari ya mbio tafuta kati ya 250 na 400. Ila cc inadanganya aisee. Royal Enfield Classic 350 ina nguvu za farasi kama 20, Ninja 400 inapita 40, na cc zao zimekaribiana tu! Honda Rebel 500 iko kwenye 46 hivi wakati Yamaha R6, ambayo ni cc 599, inapita 110. Hiyo R6 mkono ukizidisha mafuta kidogo tu ushafika usipopataka. Ulaya leseni ya pikipiki ya A2 inapima nguvu, mwisho kilowati 35 ambazo ni kama farasi 47, na mi naona hicho ni kipimo kizuri hata kama kwenu hakuna sheria hiyo.

Ukipata yenye ABS, yani breki zinazozuia tairi kugoma, ndani ya bajeti chukua hiyo. Mgeni akishtuka anabana breki ya mbele kwa nguvu zote, tairi linagoma kuzunguka, pikipiki inalala. ABS inaachia na kubana yenyewe haraka haraka, tairi linaendelea kuzunguka.

Mpya au used? Used, na isiyo na maplastiki mengi ubavuni, kwa sababu utaiangusha, hata kama ni pale pale nyumbani imesimama, na hayo maplastiki yakipasuka bei yake inauma. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, ukifika gusa injini, ikiwa ya moto jiulize anaficha nini, maana pikipiki yenye shida ya kuwaka huwa inasumbua ikiwa baridi. Moshi wa bluu usioisha maana yake inaunguza oili. Angalia shokapu za mbele kama zinavuja, cheni kama imelegea au ina kutu, levo na ncha za hendo kama zimekwaruzwa. Tairi lina tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni mwake, hizo ni tarehe ya kutengenezwa, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019, tairi kuukuu linakuwa gumu hata kama kashata zake bado nzima. Na linganisha namba ya chesisi na ya kwenye kadi, herufi kwa herufi, zisipofanana ondoka usisikilize hadithi.

Kwenye hela uliyonayo toa kabisa ya helmeti, glavu, jaketi, buti na bima kabla hujaanza kupatana bei. Helmeti nunua mpya, iliyoanguka huwezi kuijua kwa macho.

Siku ya kuichukua kama bado hujazoea barabara nenda na mtu mwenye leseni aiendeshe yeye mpaka nyumbani, wewe panda gari nyuma yake.