Kupandisha Yagi mbili za bendi tatu kwenye mnara mmoja

Wadau wa redio ya ridhaa Tanga, kama una Yagi (antena ya fimbo kadhaa inayorusha upande mmoja) ya bendi za mita 20, 15 na 10 na umepata ya pili inayofanana nayo kabisa, unataka zirushe pamoja moja juu ya nyingine, kwanza pima mnara. Kati ya antena na antena inatakiwa nusu ya wimbi mpaka wimbi zima, sasa wimbi la MHz 14 (bendi ya mita 20) ni kama mita 21 na la MHz 28 (bendi ya mita 10) ni kama mita 10 na nusu, kwahiyo huwezi kuziridhisha bendi zote, mi naona nafasi ya mita 10 ndo saizi yake. Ya chini nayo isishuke chini ya mita 10 toka ardhini. Mnara wako wa mita 12? Achana na ya pili, bakiza moja tu na juu yake kama mita 2 hivi weka kayagi ka MHz 50, inatosha.

Mota ya kuzungushia inageuza ya juu tu, ya chini funga ubavuni ielekee Ulaya, yaani kwetu kaskazini ukiegemea magharibi kidogo, na elementi (fimbo za antena) zisiguse waya za kushikilia mnara. Ukigeuza ya juu kwenda Japani, ya chini unaitoa kwa swichi.

Kazi yenyewe iko kwenye kebo. Kata mbili toka rola moja, urefu ule ule, hata kama ya chini itabaki ndefu we viringisha tu. Halafu antena zikiwa bado chini zilaze zikiangalia upande mmoja, uone waya wa kati wa kebo umefungwa nusu ya kushoto ya elementi inayoungwa na kebo kwenye zote mbili, maana ukiifunga moja kinyume zinapingana, mawimbi ya pembe ya chini yanayokufikisha mbali yanauana, na mita ya SWR (kipimo cha nguvu inayorudi toka kwenye antena) inakuonyesha kila kitu safi!

Kila antena ni ohm 50, na ohm 50 mbili zikiungwa sambamba zinakuwa 25, weka transfoma ya toroidi (waya uliozungushwa kwenye pete) ya kuirudisha 50. Vipande vya kebo ya ohm 75 vyenye urefu wa robo wimbi vinafaa bendi moja tu. Ukipatia, unaongeza desibeli 2 na kitu, wati 100 zinasikika kama 160 na zaidi.

Walio karibu na bahari kama Raskazone, bolti ziwe stenlesi, shaba isigusane na alumini, na kila kiungio cha kebo kizungushie tepu ya mpira. Kupanda ni asubuhi kabla upepo haujaanza, mkanda kiunoni na watu chini wa kushika kamba.