Kuwafundisha Vijana Ukaguzi wa Mazao kwa Mashindano ya Timu

Kijana anayesomewa orodha ya wadudu darasani huisahau kabla hajafika shambani, ilhali kijana huyohuyo, akijua kwamba timu yake inashindana na nyingine, atapiga magoti kati ya mistari ya mahindi na kufunua jani moja baada ya jingine. Hata hivyo, ukiipima ari hiyo kwa kasi utafundisha kubahatisha, na kwa sababu hiyo jambo la kwanza kupanga ni namna ya kutoa alama.

Katika kila alama 10, napendekeza jina la tatizo lipewe 2 tu, ushahidi 4, hesabu 2 na ushauri kwa mkulima 2. Timu inayoandika "viwavijeshi vamizi" pasipo maelezo ipate 2. Itakayotaja alama ya Y iliyopinduliwa kichwani mwa kiwavi, madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba karibu na mkia, na kinyesi kilichojaa kwenye moyo wa mhindi, ipate 6. Ushauri wa kupulizia dawa usioambatana na hesabu usipewe chochote, kwa kuwa ndivyo wakulima wengi wanavyopoteza fedha na kuua wadudu marafiki.

Hesabu yenyewe ifundishwe kabla ya siku ya mashindano. Vijana wapite shambani kwa njia inayofanana na herufi W, wakiacha mistari ya pembeni, wasimame mahali 5 na kukagua mimea 20 kila mahali bila kuchagua ile iliyoharibika. Kwa kuwa jumla ni mimea 100, mimea 18 iliyoliwa ni asilimia 18, na kiwango hicho ndicho kinacholinganishwa na kile ambacho wataalamu wa zao hilo wanashauri hatua ichukuliwe.

Timu ya watu 4 inatosha: mmoja atafute, mmoja ahesabu, mmoja aandike na mmoja aeleze, wakibadilishana kazi katika kila kituo, yaani kila mahali palipotengwa mimea ya kukaguliwa, vinginevyo mwenye sauti kubwa atafanya yote. Kila timu iwe na lenzi ya mkono, daftari na dakika 20 kwa kituo.

Vituo visiwe vya wadudu pekee. Weka kimoja chenye upungufu wa naitrojeni, ambapo majani ya chini ya mahindi huanza kugeuka manjano kutoka ncha kufuata mshipa wa kati, na kingine chenye wadudu-kibibi wanaokula vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea. Kituo ninachokithamini kuliko vyote ni kile chenye mimea yenye afya, maana huonyesha ni nani anayeona na ni nani anayetafuta cha kusema.

Hakikisha shamba halijapuliziwa dawa karibuni na kwamba muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye kibandiko umekwisha. Baada ya alama kutangazwa, zirudishe timu zote kituoni, na ile iliyokosea ioneshwe jani lenyewe mkononi.