Kabla hujavalishwa kofia ya jino

Wengi wetu tukikaa kwenye kiti cha daktari wa meno tunaanza na bei. Mimi nilianza na bei, picha nikaisahau. Gego langu lililozibwa miaka mingi likavalishwa kofia, yaani ganda la chuma au kauri la kufunika jino lililochongwa, na miezi minne baadaye kofia ile ile ikatobolewa, maana mzizi ulikuwa umetunga usaha. Basi dai eksirei kwanza, na daktari akuoneshe ncha ya mzizi. Kivuli cheusi pale mara nyingi ni uambukizo, na mzizi hutibiwa kabla ya kofia. Fizi zinazovuja damu nazo zipone kwanza, la sivyo kipimo cha kofia hakitoki sawasawa.

Daraja lina hesabu nyingine. Kuziba pengo la jino moja, kwa kawaida meno mawili ya jirani huchongwa pande zote, milimita moja hadi mbili, yavae kofia na kulibeba lile la bandia katikati. Kilichochongwa hakirudi. Kama majirani hao ni wazima, hawana hata tundu, mimi ningeulizia kipandikizi, jino la bandia linalokazwa kwenye mfupa wa taya, au hata jino la kuvaa na kuvua, kabla ya kuwatoa kafara. Kama yameshazibwa mara mbili tatu, hapo daraja lina maana. Na kama umeng'oa juzi, vuta subira miezi miwili mitatu: fizi na mfupa hunywea, na daraja la haraka huachia mwanya, mchicha ukapata pa kujificha.

Mtajie daktari dawa unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda. Kisukari na ujauzito pia. Heleni za bei rahisi zikikuwasha, sema: huenda ni nikeli, nayo imo kwenye kofia nyingi za chuma. Anayesaga meno usingizini asione haya kusema, kofia ya kauri hupasuka.

Rangi ichaguliwe mwanzoni, karibu na dirisha, kabla mdomo haujakaa wazi muda mrefu. Jino likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. Kwa waliokulia Arusha na Meru, ambako floraidi ya maji imewapaka wengi meno ya kahawia, kofia nyeupe pepe itajitangaza yenyewe.

Uliza bei inabeba nini: eksirei, matibabu ya mzizi, kofia ya muda, na kurudi ikilegea. Kazi ya maabara huchukua kama wiki moja hadi mbili, kwa hiyo tenga siku mbili za kwenda, ya kuchonga na ya kuvalishwa. Katikati hapo tafunia upande wa pili. Kofia yangu ya muda niliikuta kwenye kipande cha kashata.

Siku ya kuigandisha kofia yenyewe utang'ata karatasi ya buluu, inayoacha alama pale meno yanapogusana. Ganzi hudanganya; kofia ikigusa kabla ya meno mengine, omba ipunguzwe, hata mara ya tatu. Kwa daraja kuna kibrashi chembamba cha kupitisha chini yake. Kishike mwenyewe, mbele ya kioo, daktari akiangalia, kabla hujashuka kitini.