Kusoma mizani ya kahawa kupitia poti ya siriali

Tuchukue ghala la kahawa hapa Moshi ambamo karani husoma uzito kwenye mizani ya kielektroniki na kuuandika daftarini, ilhali mizani hiyo ina poti ya RS-232 (aina ya poti ya siriali, inayotuma data biti moja baada ya nyingine) inayoweza kuupeleka uzito moja kwa moja kwenye kompyuta. Programu ya kuupokea huandikika vizuri kwa lugha ya Python na pyserial, maktaba yake ya kutumia poti za siriali.

Soma kwanza kitabu cha maelekezo cha mizani ili ujue mipangilio yake, ambayo mara nyingi ni kasi ya biti 9600 kwa sekunde, biti 8 za data, bila pariti (biti ya kukagua makosa), na biti 1 ya kumalizia. Kebo ya kugeuza RS-232 kuwa USB huonekana katika Windows kwa jina kama COM3 na katika Linux kama /dev/ttyUSB0. Kwenye Ubuntu, mtumiaji huongezwa katika kundi la dialout, la sivyo atanyimwa ruhusa ya kutumia poti.

Kufungua poti ni kazi ya mstari mmoja. Ugumu uko kwenye kusoma, kwa sababu poti haijui uzito mmoja unaishia wapi. Hupitisha baiti zinazofuatana tu, zisizozidi 960 kwa sekunde katika kasi hiyo. Uzito wa kilo 60.5 unaweza kufika kama «6», kisha «0.5», na programu yenye haraka ikamwandikia mkulima kilo 6. Kwa hiyo limbikiza kila kinachosomwa katika bafa (hifadhi ya muda ndani ya programu), kata mstari pale tu alama ya mwisho wa mstari inapoonekana, na ubakize kipande kilichosalia. Usiitegemee readline, amri ya kusoma mstari mmoja, peke yake: muda wa kusubiri ukiisha, hurudisha kipande kana kwamba ni mstari. Ikiwa mizani hutuma mfululizo, utupe pia mstari wa kwanza, kwa kuwa huenda uliudaka katikati. Wapo wanaotibu tatizo hili kwa kuongeza sleep (amri ya kusubiri kidogo), lakini huko ni kubahatisha.

Usomaji usifanyike katika uzi (thread, yaani mkondo wa kazi ndani ya programu) unaochora dirisha, maana dirisha litaganda. Uanzishe uzi wa pili wenye timeout (muda wa kusubiri) ya sekunde 0.2, uweke mistari kamili katika foleni ya queue.Queue, na Tkinter, maktaba ya Python ya kuchora madirisha, iichote foleni hiyo kwa amri yake ya after kila milisekunde 100. Kebo ikichomoka, pyserial hutoa kosa liitwalo SerialException. Ikamate na umwonyeshe karani kwamba mizani haipo, badala ya kumwachia uzito wa zamani kwenye kioo.

Kabla ya kwenda ghalani, tengeneza poti mbili bandia zilizounganishwa kwa programu ya socat katika Linux, utume nusu ya uzito kupitia moja wakati programu yako inasoma nyingine, usubiri sekunde kadhaa, kisha utume iliyobaki. Dirisha halipaswi kuonyesha chochote hadi mstari utimie.